Rangi Nyekundu Chini ya Boti

Nilipofika karakana asubuhi ile, mtu aliyekuwa mume wangu alikuwa amelala chali chini ya boti, anapaka rangi nyekundu. Kabla sijamtazama yeye nililitazama kopo. Niliinama nikasoma maandishi yake. Ilikuwa rangi yenye shaba ndani yake, ile wanayopaka vyombo vya baharini, na boti iliyokuwa juu ya kichwa chake ilikuwa ya alumini.

"Toka huko chini," nilimwambia. "Unaiua hii boti."

Hakutoka. Aliendelea kupaka, brashi ikienda na kurudi, kama aliyesikia mbwa akibweka kwa jirani.

Karakana yetu iko Ggaba, Uganda, ukingoni mwa ziwa. Boti huvutwa nchi kavu kwa kamba na magogo, nasi tunalikwaruza tumbo lake na kulipaka upya. Nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini na bado wanaume wanaopita husimama kunishangaa. Kitu chochote kikikaa majini hakikai peke yake. Kwanza kinashika utelezi wa kijani. Baadaye huja sifongo wa ziwa, wa kijivu, ananuka kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo. Kisha konokono, na mwisho kome wadogo wanaojibandika kwa nguvu hata ukiwatoa wanaacha alama ya gamba. Boti iliyobeba mzigo huo inakuwa nzito, inakunywa mafuta, na injini yake inalalamika. Ndiyo maana watu wanatuita.

Mimi ni Mnubi, mzaliwa wa Bombo. Kazi niliisomea Mombasa, nilikokwenda nikiwa bibi harusi, pamoja na huyu huyu aliyelala chini ya boti. Yeye alipata kazi ya kukwaruza vyombo kwenye karakana moja ya kule, na kwa kuwa chumba chetu kilikuwa na joto lisilovumilika, nilimfuata kazini, nikaanza kwa kumshikia ndoo. Baharini adui ni mwingine. Kuna wadudu wa gamba jeupe, wagumu kama jino, wanaojenga nyumba zao chini ya chombo kwa maelfu. Ukipitisha mkono bila glavu, unaurudisha na damu. Kwa hao, rangi ya shaba ni dawa. Shaba inawachoma, wanakimbia.

Lakini kule kule Mombasa kulikuwa na fundi mmoja wa kuchomelea, mwanamume mkali, mwenye matusi ya kila saa. Siku moja alinivuta kwa mkono wa ovaroli mpaka chini ya boti ndogo ya alumini iliyokuwa imepakwa shaba na mtu asiyejua. Tumbo lake lilikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Alichukua bisibisi akaisukuma, ikapenya upande wa pili.

"Shaba na alumini zikikutana majini," akasema, "alumini inaliwa. Kama hutaki kujifunza hilo, rudi kwenu ukauze mandazi."

Nilijifunza. Mume wangu siku ile alikuwa juu ya ukuta, anakunywa chai na wenzake.

Tuliporudi Uganda, tukaingia karakana ya Ggaba pamoja. Baada ya miaka kadhaa ovaroli yake ilianza kurudi nyumbani ikiwa safi kuliko nilivyoifua mimi, na siku moja ilikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa bluu. Nyumbani kwangu hakukuwa na uzi wa bluu. Nilipomuuliza, alisema ameoa Bombo tangu mfungo uliopita na alikuwa anatafuta siku nzuri ya kuniambia. Talaka nilidai mwenyewe. Tulibaki kazi moja kwa sababu hakuna aliyekubali kuondoka. Yeye alikuwa fundi mkuu, mimi nilikuwa mkono wake wa kulia, mkono niliouombea ukatike.

Naandika hivi ili msomaji ajue kwamba nilipomwona na lile kopo, sikuwa mtu mwema anayemwonya mwenzake. Nilifurahi kumkuta amekosea.

"Hii boti ni alumini," nilisema tena, sasa kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wachomeleaji. "Na humu ziwani hamna wale wadudu wa Mombasa. Unampaka nani hiyo shaba?"

Alitoka taratibu, akajifuta mikono. Uso wake ulikuwa na madoa mekundu.

"Mwenye boti anataka boti yake isishike uchafu mwaka mzima," akasema. "Mimi nimemtafutia rangi ya mwaka mzima. Wewe unataka nini?"

"Weka walau rangi ya msingi, upake makoti manne, uzibe alumini yote. Au iache kabisa hiyo shaba, tuikwaruze boti kila mwezi kwa plastiki laini."

"Nimeweka koti moja la msingi. Linatosha."

"Halitoshi hata kwa ndoo."

Akawageukia wafanyakazi, akanyoosha mkono kunionyesha kama bidhaa. "Mnamwona huyu? Nilimwacha miaka sita iliyopita, bado ananifuata mpaka chini ya boti."

Walicheka. Mmoja tu hakucheka, Mkongo kutoka Uvira ambaye ndiye aliyekuwa mzamiaji wetu. Alikuwa anaingia chini ya boti zilizoko majini, ameshika pumzi au ameuma mpira wa kuletea hewa, akizikagua kwa viganja. Alinitazama, akatazama kopo, akaendelea kukunja kamba yake.

"Aliyekufundisha kushika msasa kwenye alumini ni mimi," nilimwambia yule mume wa zamani.

"Na aliyekupeleka Mombasa ni mimi," akajibu, akarudi chini.

Mchana nilipanda boda mpaka Kabalagala kumwona mwenye boti. Alikuwa mama wa Kiganda, mwenye baa na mgahawa barabarani pale, na boti ile aliinunua ili kuwapeleka wateja wake visiwani mwisho wa wiki. Baa mchana ina sura ya mgonjwa. Viti vilikuwa vimegeuzwa juu ya meza, na msichana alikuwa anamwaga maji ya sabuni sakafuni. Mama alinikaribisha kwa adabu, akaniagizia soda, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nnyabo," akasema, yaani bibi, kwa lafudhi yake ya Kiganda, "hiyo langi fundi ameniambia ni ya meli kubwa. Meli kubwa inapita bahari yote. Sasa itashindwa na ziwa?"

"Mama, meli kubwa ni ya chuma. Hiyo yako ni alumini. Ni vitu viwili."

Akachukua simu, akampigia fundi mkuu, akaiweka mezani sauti ikiwa wazi. Nilimsikia akicheka kabla hajaulizwa chochote.

"Yuko hapo, si ndiyo? Mama, nilikwambia atakuja. Huyu ni mke wangu wa zamani. Moyo wake haujapoa."

Mama alinitazama upya, kuanzia hijabu mpaka viatu vyangu vyenye rangi. Niliona jinsi maneno yangu yote kuhusu shaba yalivyogeuka, mbele ya macho yake, kuwa maneno ya wivu. Akanigusa mkono.

"Pole, nnyabo," akasema. "Mimi pia nimeachwa mara mbili. Lakini usimharibie mtu kazi."

Soda sikuimaliza. Wiki ile ile fundi mkuu alinitoa kwenye boti ya yule mama, akasema nisiiguse tena, na akaniweka kwenye mitumbwi ya mbao ya wavuvi, kazi ya watu wanaoanza.

Nilichofanya baadaye nilikifanya kwa chuki, na kwa uangalifu ambao chuki inaupa mtu. Niliokota vipande viwili vya alumini kwenye takataka za wachomeleaji. Kimoja nilikiacha kitupu. Kingine nilikipaka kama alivyopaka yeye, koti moja la msingi, kisha shaba iliyobaki kwenye kopo. Nikakichora kwa msumari, mistari mitatu, kama vile boti inavyochorwa na mawe inapovutwa nchi kavu. Nikamwomba mzamiaji avifunge chini ya gati, nguzo ya mwisho, mahali ambapo hakuna anayepita.

"Mama, tunatafuta nini?" akaniuliza.

"Ukweli," nilisema. Nikajisikia mtu mkubwa.

Kila baada ya wiki mbili alivitoa tukavitazama. Mwanzoni hapakuwa na kitu, na nilikasirika na kipande cha alumini kama mtu anavyokasirika na mtoto mvivu. Kile kitupu kilishika utelezi, sifongo, na kome wawili. Kile chekundu kilikuwa safi kabisa. Fundi mkuu alikuwa sahihi kwenye hilo, na boti ya mama nayo ilikuwa safi, ikikata maji vizuri, na wateja waliisifu. Alitembea karakana kifua mbele. Mvua za kwanza zikaja zikaisha. Mvua za pili zilipoanza, Alhamisi moja, mzamiaji alipanda gati akiwa ameshika kipande chekundu kwa ncha za vidole.

"Yesu wangu," akasema. "Mama, ona. Kinaoza."

Pembezoni mwa ile mistari ya msumari rangi ilikuwa imevimba malengelenge. Nilipolibonyeza lengelenge moja, ulitoka unga mweupe, na chini yake palikuwa na kishimo. Nilichukua bisibisi. Kwenye mstari wa katikati ikapita upande wa pili.

Nililia, na sitasema ni kwa huzuni.

"Twende tumwambie mwenye boti," mzamiaji akasema.

"Nitamwambia mimi," nilijibu. "Wewe usijisumbue."

Sikumwambia. Mwisho wa mwezi ule boti zote zilikuwa zinapandishwa kukaguliwa, na siku hiyo wenye boti huja wenyewe, manahodha huja, hata wauza rangi wa mjini huja. Nilitaka kukitupa kile kipande mezani mbele yao wote. Nilitaka fundi mkuu acheke kwanza, kama kawaida yake, halafu nikitupe. Niliyapanga maneno usiku na mchana. Nilikifunga kwenye kanga kuukuu, nikakiweka chini ya godoro, na siku zikapita tisa.

Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi. Nilifika gatini nikakuta wanawake wamevaa gomesi za kung'aa na wanaume wamevaa kanzu na koti, wamebeba vikapu vya matunda na maboksi ya zawadi. Ilikuwa safari ya kwanjula, upande wa bwana harusi unakwenda kujitambulisha ukweni, na ukweni kwenyewe kulikuwa kisiwani. Boti ya mama wa Kabalagala ilikuwa inawapakia. Nahodha alikuwa usukani. Fundi mkuu alikuwa ndani, kwa sababu injini ilikuwa imesumbua wiki ile na mama alitaka awe karibu. Bibi mmoja mnene alisitasita kupanda, akashikwa mikono huku na huku, wakamcheka, akacheka naye.

Nilisimama. Nilijiambia kipande changu kilikuwa chembamba kuliko tumbo la boti. Nilijiambia nahodha ana pampu. Boti ikaondoka, nikajiambia mambo mengine mawili au matatu, halafu nikatoa simu nikampigia fundi mkuu. Iliita mara moja akaikata. Nikapiga tena, akaikata. Nilimpigia mama wa Kabalagala, haikupokelewa. Hapo nikaanza kukimbia.

Mzamiaji alikuwa anakunywa chai kwenye kibanda cha mama wa chapati. "Washa mtumbwi wa injini," nilimwambia. "Ile boti. Kipande kile."

"Si ulimwambia?"

Niligeukia ziwa. Aliweka kikombe chini polepole sana, kisha akakimbia kunipita.

Tuliwaona baada ya nusu saa hivi. Boti ilikuwa imesimama, imeinamia nyuma, na kwa mbali gomesi zilionekana kama maua yaliyorundikwa upande mmoja. Tulipokaribia tukasikia kelele, kisha tukaona wanaume wenye kanzu wakiteka maji kwa sufuria za zawadi na kuyarudisha ziwani. Matunda yalikuwa yanaelea. Pampu ilikuwa imeziba. Fundi mkuu alikuwa amepiga magoti nyuma, maji yamemfika kiunoni, mikono yote miwili imezama. Alikuwa ameshindilia shati lake kwenye tundu na kulikandamiza kwa uzito wake.

Mzamiaji alisogeza mtumbwi ubavuni. "Mmoja mmoja!" akapiga kelele. "Kina mama kwanza. Hakuna kuruka! Anayeruka ataua wenzake!"

Majaketi ya kuokolea yalikuwepo lakini hayakuwatosha wote. Nilivuta mikono ya watu mpaka mabega yangu yakalia. Yule bibi mnene alikuwa wa nne, na alikuwa ananong'ona "Mukama, Mukama", akimwita Mungu bila kupumzika, na alipokaa kwenye mtumbwi alinishika gauni akakataa kuniachia. Wavuvi wawili waliotuona walikuja na mitumbwi yao. Kwa rehema za Mungu walitoka wote. Zawadi nyingi zilibaki majini.

Wa mwisho kwenye boti walikuwa nahodha na yeye. Nahodha aliruka. Yeye alibaki ameshikilia lile shati, na midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu kwa baridi.

"Achia, njoo," nilimwambia.

"Ulipiga simu," akasema. "Mara mbili. Ulijua."

"Nilikwambia tangu siku ile ya kwanza."

"Siku ile ulinitukana. Mimi nakuuliza leo. Leo ulijua?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Ningeweza kudanganya.

"Nilijua tangu Alhamisi ya wiki iliyopita," nilisema.

Aliinua mikono kutoka majini, akatema mate ziwani na kupanda mtumbwi wa wavuvi. Wangu hakuukanyaga.

Boti haikuzama yote. Ilivutwa ikiwa nusu ndani ya maji, ikapandishwa karakana, na tulipoikwaruza kila mtu aliona. Chini ya ile rangi safi, nyuma kabisa, karibu na injini, tumbo lilikuwa limetobolewa vishimo. Mama wa Kabalagala alikuja akaweka kidole kwenye kimoja, akakitoa, akakinusa. Alimfukuza fundi mkuu kwenye boti yake pale pale, na karakana nayo ikamwachisha kazi. Mimi alinishika mkono kama siku ile ya soda.

"Nnyabo, ulisema. Mimi sikusikia. Nisamehe."

Nilikubali msamaha wake. Sikumwambia kuhusu siku tisa, fundi mkuu asingeaminiwa hata angesema, na wengi wa walioyasikia maneno yetu ziwani walikuwa wageni waliorudi makwao. Akanipa kazi ya kuondoa shaba yote. Niliifanya peke yangu kwa wiki tatu, nimefunga pua na mdomo, nikikwaruza kwa maji ili vumbi lisiruke, na turubai limetandikwa chini ili zile taka nyekundu zisirudi ziwani, maana watu wa Ggaba wanachota maji hapo hapo. Ngozi ya mikono ilichubuka. Nilichomelea viraka, nikapaka rangi ngumu isiyo na shaba. Watu walianza kuniita fundi mkuu, na sasa ndiye mimi.

Mzamiaji alinisaidia kuiteremsha boti majini, kisha akaja na begi lake.

"Mama, mimi nitatafuta kazi ingine," akasema.

"Nimekukosea nini?"

"Mimi kazi yangu niko chini ya maji. Yule mwenye kukaa juu, kama ameona kitu kibaya, lazima aseme. Sasa wewe…" Akaliweka begi begani. "Mungu akubariki," akasema. Nilimpa heshima ya kutobishana naye. Nasikia yuko Jinja.

Tangu hapo nimekutana na yule mume wa zamani mara moja tu. Nilikuwa nimekwenda soko la Owino kununua matambara ya kufutia rangi, yale mafungu ya fulana zilizochakaa. Alikuwa amekaa kwenye duka dogo la rangi upande wa Nakivubo, nyuma ya makopo, anamweleza mteja rangi gani inafaa bati na ipi inafaa ukuta. Amenenepa. Alikuwa anaeleza vizuri, kwa subira, jambo ambalo kwangu hakuwahi kulifanya. Mteja alipoondoka akaniona.

"Unataka rangi?" akauliza.

"Sitaki chochote kutoka kwako."

"Afadhali. Maana ningekuuzia nzuri, halafu ungetafuta namna ya kuitoa kasoro."

"Uliwapandisha watu kwenye chombo kilichooza."

"Mimi sikujua," akasema. "Mimi ni mjinga, kila mtu Ggaba anajua, umewaambia vya kutosha. Wewe ndiye mwenye elimu. Mwenye elimu alisimama gatini akawahesabu wakipanda."

Nilitaka kumjibu kwamba sikuwahesabu. Lakini niliwahesabu. Walikuwa kumi na tisa, na yeye, na nahodha. Nilinyanyua fungu langu la matambara nikaliweka begani, na nilipokuwa natoka nilimsikia akimwita mteja mwingine kwa sauti ya uchangamfu, kama mtu ambaye hajakatizwa kazi yake hata dakika moja.